Tumbo Lisilokandwa

Pale kijijini Rungwe Mpya, mtoto akilia tumbo hupelekwa kwa Josephina Niyomwungere. Yeye hupasha mawese na kukanda mpaka mtoto asinzie. Kazi hiyo alirithi kwa mama yake, aliyevuka nayo mpaka wa Burundi bila mzigo mwingine.

Kwa hiyo mjukuu wake Akimana alipoanguka na baiskeli yenye gunia la mihogo, usukani ukamgonga ubavuni, Josephina hakuwaza hospitali. Ngozi haikuchubuka. Alimkanda jioni, akamkanda tena asubuhi, na mtoto alipopiga kelele akambana miguu, akimwambia kwamba hayo ndiyo maumivu yanatoka. Mchana Akimana akakojoa damu.

Sasa walikuwa wodini Kasulu. Daktari Mwamvua, mtu wa Tanga, alikwisha kumpima mtoto kwa ultrasaundi. Alieleza kwamba figo moja ilipasuka kwa ule usukani, maana figo za watoto hazina kinga kubwa kama za watu wazima. Mara nyingi figo ya namna hiyo hupona yenyewe, mtoto akilala tu bila kutikiswa. Lakini hii ilikuwa ikivuja bado, na isipotulia ingebidi itolewe. Kisha akauliza kama kuna mtu aliyemgusa tumbo.

Josephina angeweza kukana. Lakini mtoto alikuwa akisikiliza.

"Ni mimi, dokta. Nilimkanda mara mbili."

"Basi bibi, usimguse tena. Hata akikuomba."

Hakufokewa, na hilo lilimchosha kuliko kufokewa. Huruma alikuwa nayo tele, na sifa kijijini alikuwa nazo. Vyote viwili vilimzuia kujiuliza swali dogo, kwamba ndani ya lile tumbo kumeumia nini. Kutouliza ni kosa, hata kwa mtu mwema.

Siku iliyofuata maumivu yalipanda.

"Bibi, nikande. Kidogo tu."

"Hapana, mjukuu wangu."

"Watoto wa watu unawakanda."

Josephina akaikalia mikono yake. Akimana akageukia ukutani.

Muuguzi alikuja kumchoma mtoto sindano ya maumivu, akautazama mfuko wa mkojo penye mwanga wa dirisha. Akasema bado ni mwekundu, ila umepauka kuliko wa jana. Josephina hakuinuka pale alipokaa mpaka mtoto alipolala, na kufikia hapo mikono yote miwili ilikwisha kufa ganzi.