Picha ya Taya Iliyotikisika

Mwalimu wa Kiswahili asiye na meno mawili ya mbele ya juu ni kichekesho, wala sitanii. Niliteleza kwenye matope ya kituo cha kupimia majani chai, huku kwetu Runyenjes, nikaangukia ukingo wa saruji. Tangu siku hiyo "fasihi" ikawa "hasihi", na "vivumishi" sijui hata vikawa nini. Wanafunzi walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikanunua meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, yakachomoka nikifundisha methali na kuangukia dawati la mbele. Sikuyavaa tena.

Daktari wa meno mjini Meru aliniambia dawa ni kupandikiza: skrubu inaingia kwenye mfupa, jino linakaa juu yake. Lakini kwanza nipigwe picha ya thrii-di, aone kama mfupa unatosha. Usipotosha, nirudie yale ya kuchomoka. Nilitikisa kichwa kana kwamba nimeelewa. Mfupa wangu mwenyewe, ungepungua uende wapi?

Msichana wa mashine alinivua hereni na vibanio vya nywele, akanisimamisha.

"Madam, uma hiki kijiti kwa meno ya mbele."

"Yapi?"

Akanitazama, akakitazama kijiti. Hatimaye alikiondoa, akanikalisha kidevu juu ya kibao. "Sasa usisonge, usiongee. Itakuzunguka tu," akasema, akatoka.

Mashine ikaanza kuzunguka kichwa changu ikinguruma. Sikujua nifumbe macho au niifuate. Hapo hapo mzee mmoja, nadhani alikuwa akitafuta choo, akagonga mlango na kuita kwa nguvu, "Muga!"

Mimi ni Mwembu, lakini mama mkwe wangu ni Mmeru, na alinifunza mapema kwamba salamu hiyo haiachwi bila jibu.

"Muga!" nikaitikia, kwa sauti na kwa kichwa pia.

Daktari alifungua picha kwenye kompyuta. Fuvu langu likawa linazunguka pale, la kijivu, na nikahisi kama ninahudhuria mazishi yangu. Alikunja uso.

"Ai, mwalimu. Mbona hapa naona mfupa double?"

"Asante Yesu!" nikasema. "Basi unatosha!"

"Zii, si hivyo, ulisonga. Moja ya hizi ni kivuli."

Nikamwuliza ipi. Akasema hawezi kujua. Sasa mimi ningejuaje? Kama mfupa unaonekana mara mbili, na yeye hajui upi ni wa kweli, kwa nini tusichukue ule mnene? Alinieleza taratibu, nami nikaitikia "ndiyo, ndiyo", kama wanafunzi wangu wanavyoniitikia nikifundisha ngeli.

Nikarudishwa kwenye mashine. Safari hii hata angebisha askofu, angejijibu mwenyewe.

Picha ya pili ilitoka safi, na ndiyo iliyoniumiza. Pale palipokuwa na meno, mfupa ulikuwa mwembamba kama ganda la yai. Daktari alisema mfupa uliokosa jino hujila wenyewe, kidogo kidogo. Nilikasirika, ila sikujua nimkasirikie nani. Machozi yalinilenga. Ile picha mbovu ilikuwa imenipa meno, na hii nzuri imeyang'oa tena.

"Kuna njia," akasema. "Tunaongeza mfupa kwanza, ukishika ndio tupandikize."

"Mhupa wa nani?"

"Wako. Tunakata kipande hapa chini, kwa kidevu. Hapa uko nao mwingi."

Akanionyesha kwa kalamu. Ya thrii-di sikuyaelewa, ya vivuli sikuyaelewa, na jinsi mfupa unavyojila sijaelewa mpaka leo. Nikakishika kidevu changu, kikubwa, cha ukoo wetu, ambacho sijawahi kukipenda.

"Kata, daktari," nikamwambia. "Kidehu sihundishi nacho."