Nilimdai mama mdogo "fonte" ya mtoto wake mbele ya ukoo mzima

Wakuu, amani iwe kwenu nyote.

Ninachosimulia hapa kimenikuta mimi mwenyewe, sijakiazima kwa mtu wala sijatia chumvi. Majina nimeyabadilisha, aibu nimeiacha vilevile.

Mimi ni mtu wa Cabo Delgado, kaskazini kabisa, upande wa pili wa Ruvuma. Nikichomekea Kireno mnisamehe, ndivyo tunavyoongea.

Kazi yangu ni fiel de armazém, yaani mtunza stoo, kwa mkandarasi mmoja hapa Palma. Bati likiingia bila guia, ile karatasi ya kupokelea mzigo, kwangu mimi bati hilo halijaingia, hata kama nimelikalia. Wenzangu hunitania kwamba hata mke wangu nilimpokea kwa guia.

Basi tabia hiyo ya stoo nikaipeleka kwenye ukoo.

Sisi asili yetu ni Olumbi. Wakati wa kukimbia vita tulitawanyika. Wengine Pemba, wengine Nampula, wengine wakavuka mpaka Mtwara. Binamu yetu mmoja aliyeko Mtwara akafungua mti wa ukoo mtandaoni, akatupa wote ruhusa ya kuandika, ili angalau watoto wajue nani ni nani wao.

Wazo zuri. Lakini ukimpa kila mtu kalamu, unajua kinachotokea.

Babu yetu Amade aliingizwa mara tatu: Amade, Ahmadi na Amadi, kila mmoja na wake zake. Mjomba mmoja alizaliwa kabla ya baba yake. Kwenye sehemu ya fonte, ambapo tovuti inataka useme habari umeitoa wapi, watu waliandika "nimesikia", "anajulikana", na mmoja akaweka picha ya mbuzi. Mpaka leo sijui yule mbuzi alikuwa anathibitisha nini.

Nikajitolea kusafisha. Hakuna aliyenituma, ni kiherehere changu tu.

Nikiri kwamba nilinogewa. Kila jina lisilo na chanzo tovuti hulibandika alama nyekundu, sem fonte, na mimi alama nyekundu sizipendi. Nikitoka kazini nashika simu, natafuta, nafuta, napanga. Nikakusanya vyeti vya ndoa vya msikitini, picha za BI, yaani vitambulisho, na cédula za kuzaliwa zilizolowa maji zikaanikwa juani.

Waliopoteza karatasi, na ni wengi, hata cédula yangu ni ya kutolewa upya, niliwaambia walete sauti za wazee wawili wa kuwashuhudia. Nikajiona mtu wa haki. Kwenye group la WhatsApp wakaanza kuniita engenheiro, mhandisi wa ukoo, kichwa kikavimba.

Ndipo nikafika kwa mama mdogo Zainabo.

Huyu ni mke wa baba yangu mdogo. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mtoto, na ni mama mdogo aliyenilea pale Olumbi. Alinipeleka chuoni nikasome Kurani, akanipeleka na shule, akanichapa nilipostahili. Baba mdogo ni mvuvi, muda mwingi yuko dago, kambi ya wavuvi kisiwani Macaloe. Wana binti mmoja, Fatima.

Sasa kwenye mti, chini ya mama mdogo, kulikuwa na Fatima na jina la pili: Issufo Amade. Hakuna mwaka, hakuna mahali, hakuna chochote.

Wakuu, Issufo Amade ni mimi.

Kwetu apelido, jina la mwisho, ni jina la babu, kwa hiyo mtoto yeyote wa baba mdogo naye angekuwa Amade. Tovuti yenyewe ikatoa onyo: possível duplicado, huenda hawa wawili ni mtu mmoja. Nikasema bila shaka kuna mtu ameona nimelelewa kwa mama mdogo, akaniandika mtoto wake.

Ningeweza kumpigia simu. Narudia, ningeweza kumpigia simu.

Badala yake nikaandika kwenye group, ukoo mzima ukisoma: "Mama mdogo, huyu Issufo aliye chini yako ni mimi au mwingine? Kama ni mwingine lete fonte yake, la sivyo namwondoa."

Mama mdogo hasomi vizuri, husomewa na Fatima na kujibu kwa sauti. Alasiri sauti yake ikaingia, fupi:

"Fonte yake ipo Mute. Si hii mpya ya pampu, ile ya zamani, upande wa mihogo."

Hapa inabidi niwaeleze. Kwetu vijijini fonte ni mahali pa kuteka maji, kisima au bomba la kijiji. Wanawake wanalijua neno hilo kwa ndoo kichwani, hawalijui kwa mambo ya tovuti. Na Mute ni kijiji cha barabarani, ukitoka Olumbi kuja Palma.

Group likalipuka kwa kicheko. Mmoja akatuma stika ya ndoo. Mwingine akauliza kama mtoto huyo ni samaki. Na mimi, niliyeoshwa na kulishwa na yule mama, nikaandika: "Mama mdogo, hatutaki maji, tunataka karatasi." Nikamalizia na vikatuni vya kucheka.

Kisha nikabonyeza kuunganisha. Issufo wa mama mdogo akamezwa na Issufo mimi, likabaki jina moja, chini ya mama yangu mzazi. Alama nyekundu zikapungua. Nikalala vizuri kabisa.

Kesho yake mama mdogo akajitoa kwenye group. Nikadhani kabonyeza vibaya. Mnaona nilivyokuwa.

Zikapita siku, Fatima akanipigia. Fatima ni mpole, hajawahi kunipandishia sauti, na hata siku hiyo hakupandisha. Aliuliza tu: "Kaka, mdogo wangu umemweka wapi?"

Nikamjibu kitaalamu, duplicado, fonte, nini na nini. Akaniacha nimalize. Ndipo akanieleza.

Siku walipokimbia Olumbi, mama mdogo alikuwa mjamzito, siku zake zimetimia. Baba mdogo yuko kisiwani. Mimi nilikuwa Mocímboa kwenye kibarua tangu mimba haijajulikana, simu hazishiki, na kuna mtu aliyewaapia kwamba ameniona kwa macho yake miongoni mwa waliouawa. Wakapita porini kuelekea Palma pamoja na watu wengine wasiowajua. Uchungu ukamshika karibu na Mute.

Alijifungulia pale kwenye fonte ya zamani kwa sababu ndipo palipokuwa na maji. Mtoto wa kiume. Hakukaa duniani. Wanawake waliokuwa nao njiani wakamwosha, wakamzika upande wa mihogo, na safari ikaendelea, maana hakukuwa na namna ya kubaki.

Hana cédula. Kaburi halina hata jiwe. Na wale wazee wawili niliokuwa nadai, mama mdogo angewatoa wapi? Walioshuhudia ni wapita njia kama yeye, na kila mmoja alishika njia yake.

Jina la yule mtoto lilikuwa limeandikwa mahali pamoja tu, kwenye ule mti, na Fatima ndiye aliyeliandika kwa kuagizwa na mama yake. Kila Ijumaa akishaswali, mama mdogo humwambia, nifungulie Issufo. Anaangalia, anarudisha simu, anaendelea na kazi zake. Ijumaa ile Fatima akafungua, wakatafuta, jina halipo.

Wakuu, kuna aibu ya usoni, ile hupita. Hii haijapita. Nilimuuliza mama alipo mwanawe, akaniambia alipo, nikamcheka.

Siku hiyohiyo nikatengua ule muunganisho, jina likarudi. Lakini kurudisha jina ni kazi ya kidole. Kwenda kumtazama machoni ndiyo kazi.

Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda pikipiki mpaka Olumbi, alikorudi kuishi hali ilipotulia. Nilifikiria kubeba sukari na kanga, nikaona kama naenda kumhonga. Nikaenda mikono mitupu, na hilo nalo likanitia haya njia nzima. Pale Mute niligeuza uso upande wa pili.

Nilimkuta anamenya mihogo nyuma ya nyumba. Alinipokea kama siku zote, akaniuliza hali ya mke wangu na watoto, akanitengea chakula. Angenitukana ningepata nafuu.

Nikaanza kuomba radhi, na mjinga mimi nikarudia tena hadithi ya onyo la tovuti, kana kwamba tovuti ndiyo iliyomcheka. Akanikatiza. Maneno yake nayaweka kama alivyoyasema:

"Kufutwa kwake hakukuniuma sana, Issufo. Lilonichoma ni vile ulivyouliza, huyu ni mimi au mwingine. Maana hata mie sikujua nikujibu nini. Nilimpa jina lako kwa kuwa niliambiwa weye umekufa. Nikasema basi, jina lirudi nyumbani. Halafu ukatokea, mzima, watu wakapiga vigelegele, na mie nikapiga. Tangu siku hiyo sijapata siku ya kumlilia mwanangu."



Niwaambie kitu. Siku nilipofika Palma na kuwakuta, mama mdogo alinishika uso kwa mikono miwili akalia mpaka watu wakamkanya, wakamwambia mtu akirudi mzima haliliwi hivyo. Kilio kile nimekisimulia miaka yote kwa fahari, kwamba mimi nina mama anayenililia namna ile. Sasa sijui changu kilikuwa kiasi gani.

Nikamuuliza anataka nifanye nini. Alisema hataki mwanawe arudishwe kimyakimya kwenye simu kama kitu kilichoibwa kikarudishwa usiku. Anataka asomewe dua palepale Mute, na waje wale waliocheka.

Nikaandika yote kwenye group, bila kujipunguzia. Aliyetuma stika ya ndoo akaifuta. Mmoja mmoja wakaanza kuuliza ni lini.

Walioweza walifika. Wa mbali walituma salamu. Baba mdogo alikuja kutoka Macaloe. Yeye huyo mtoto hakuwahi kumwona. Alimwomba Fatima amwonyeshe mahali penyewe, akasimama pale peke yake, ametugeuzia mgongo, na hakuna aliyemfuata. Shamba lenyewe limeshapandwa upya, mwenye shamba akaturuhusu, akaahidi kuacha jembe lisipite pale.

Mwalimu aliyesoma dua alisema mtoto mchanga hana dhambi ya kuombewa, sisi tunawaombea wazazi wake. Kisha akauliza jina la marehemu.

Wengi walilijua, ila waliona si lao kulitamka. Mama mdogo akalitamka mwenyewe, kwa sauti:

"Issufo Amade."

Watu wote wakageuka kuniangalia mimi.

Nikainamisha kichwa. Mama mdogo akaanza kulia, na safari hii hakuna aliyemkanya. Alilia mpaka dua ikaisha, mpaka mikeka ikakunjwa. Mimi nilikaa pale pale, sikumgusa. Kilio kile hakikuwa changu.

Wakuu, nilichojifunza ni kidogo, ila kimeniingia. Karatasi inaonyesha kwamba ofisi ilimwona mtu. Yule ambaye ofisi haikumwona alionwa na mama yake. Kwenye mti wetu sasa imeandikwa: Issufo Amade, amezaliwa Mute, amezikwa Mute. Fonte: mama yake. Mzee mmoja wa Nampula kanishauri niweke ushahidi wenye nguvu zaidi. Nikamwambia akiupata anipigie simu.

Na la pili, habari ya maiti wa mtu usiiulize kwenye group. Ulimi uliponza kichwa, na mimi vidole vyangu vimeniponza zaidi.

Mama mdogo hajarudi kwenye group. Nimemwomba mara moja, sitamwomba tena. Akitaka atarudi.

Mnaosafisha koo zenu mtandaoni, nielekezeni mnafanyaje na watu wa namna hii. Wa kunisema naye aniseme hapahapa, nimestahili. Na kama kwenu yupo mtoto aliyezaliwa njiani na kuzikwa njiani, andika jina lake hapo chini.

Sitakuuliza chanzo.