Betri ya Shemeji

Nilikaa eda nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuficha. Wanawake waliokuja kunipa pole Magomeni ya hapa Mtwara, nyumbani kwa mama mkwe, walinikuta mkekani nimejifunga kanga nyeupe, macho makavu, wakadhani nimeishiwa machozi. Machozi yalikuwepo. Ila kila nikianza kulia nilimkumbuka shemeji, na nikimkumbuka shemeji kilio kinakatika.

Shemeji ni mdogo wa marehemu mume wangu. Ana duka la betri Rahaleo. Betri mpya anazo mbili tatu za kupambia kibaraza; biashara yake hasa ni kuamsha zilizokufa. Unampelekea betri ya gari iliyogoma, anamwaga maji yake ya zamani, anaisuuza, anaitia asidi mpya, anaichaji, anaipaka rangi nyeusi mpaka inang'aa, halafu anamuuzia mtu mwingine na uso mkavu. Kwa bajaji si neno. Bajaji ikizima, dereva anashuka anasukuma. Boti huwezi kuisukuma.

Na sisi tulikuwa na boti. Si mashua ya samaki. Ni boti ya kutembelea, yenye matanga na injini, vitanda, jiko, choo na kifriji, tuliyoinunua kwa mgeni mmoja aliyechoka na bahari akaitelekeza Mikindani. Mume wangu alikuwa nahodha, mimi fundi umeme. Umeme niliusomea chuo cha ufundi, na kabla ya boti nilikuwa nafunga nyaya kwenye nyumba za watu. Tulichukua watalii tukalala nao Msimbati, tukawafikisha mdomo wa Ruvuma wakaone viboko, tukarudi na mihogo tuliyonunua kwa watu wa Mahurunga. Kila kitu ndani ya boti ile kilitegemea betri: friji, taa, pampu ya maji, redio ya kuitia msaada, na stata ya kuwashia injini.

Na betri zilitoka kwa shemeji. Zitoke wapi tena? Nilipiga kelele mpaka sauti ikaniisha. Nilimwambia mume wangu tuweke za lithiamu: ni nyepesi, unazitumia karibu mpaka tone la mwisho bila kuziua, na hakuna mtu anayeweza kuzimwaga maji akakuuzia maiti. Alikuwa akicheka tu. "Nikanunue kwingine na mdogo wangu ana duka? Watu waseme nini?" Ndivyo walivyo ukoo mzima. Watakula ugali wenye mchanga na kusifia, mradi unga umesagwa na ndugu. Mwishowe alikubali, tukaagiza mbili kutoka Dar es Salaam. Wakati tunazisubiri, tukatoka safari moja zaidi, sisi wawili tu, kwenda kuona mafungu ya mchanga yamehamia wapi baada ya masika.

Tulipokuwa mdomoni mwa Ruvuma tumbo likamshika. Kulipokucha alikuwa hawezi kunyooka. Niligeuza ufunguo wa injini. Tiki. Nikageuza tena. Tiki. Redio ilikoroma kidogo ikazima, simu hazikuwa na mtandao, na upepo siku hiyo ulikuwa umegoma kabisa. Tulikaa pale mpaka jua likawa utosini, ndipo watu wa samaki wenye injini wakatuona na kutuvuta hadi Msimbati. Daktari mjini alisema kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Akasema pia, "Mngewahi," halafu akajizuia, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Betri za lithiamu zilifika msiba ukiwa bado mbichi. Shemeji alizipokea yeye, kwa kuwa mimi nilikuwa ndani. Nikamsikia kibarazani akimwambia mama yake kwamba atazifunga mwenyewe, mimi nisihangaike. Sikuweza kutoka kumkabili, na haikufaa tusemezane naye ana kwa ana, kwa hiyo nikamtuma mama mkwe. Nilimwambia, "Mama, mwambie za zamani azitoe zote. Lithiamu zikae peke yake. Asichanganye."

"Mwanamke wa eda hasemezani na betri," mama mkwe alinijibu. Lakini alitoka, na kwa haki yake nitasema aliufikisha ujumbe neno kwa neno.

Shemeji akapandisha sauti ili nimsikie. "Mwambie shemeji betri ndiyo kazi yangu."

Tangu hapo akawa anakuja na habari. Leo katoka Mikindani, walikoirudisha boti, kapima betri. Juzi kaipima. Ameiwasha injini, imewaka mara moja, wala haikusita. Mwanzoni nilidhani anasifia zile mpya. Kumbe! "Ile yangu," alimwambia mama yake siku moja, "ile iliyokuwemo siku ile. Nzima kabisa, mama. Inasoma volti kumi na tatu na kidogo. Betri mbovu inasoma kumi na tatu?"

Nilikuwa nimelala ubavu, nikainuka nikakaa. Nilijua alichokifanya kama vile namwona. Ameacha betri yake moja ndani ya boti akaifunga sambamba na za lithiamu. Betri zikifungwa hivyo, nzima inaibeba mbovu. Weka testa kwenye yoyote, zote zinasoma namba moja; geuza ufunguo, injini inawaka kwa nguvu za lithiamu, na ule mzoga unapewa sifa. Ni sawa na mgonjwa aliyeshikwa kwapa huku na huku na watu wawili, halafu useme mbona anatembea. Sijui kama alikuwa anatudanganya sisi au anajidanganya mwenyewe, na wakati ule sikujali.

Nilichojali ni maneno yaliyofuata. Mama mkwe alianza kuwaambia waliokuja kutupa pole: betri ilikuwa nzima, mwanangu kaipima. Wakaitikia, wakanyamaza, na katika kunyamaza kule wakaanza kupiga hesabu. Kama betri ilikuwa nzima na injini haikuwaka, basi kosa liko kwenye nyaya. Na nyaya za boti ile kafunga nani? Siku moja mwanamke mmoja, mtu wa Magomeni hapo hapo, alisema nje ya mlango wangu bila hata kushusha sauti, "Kwani fundi umeme si alikuwa yeye?" Nilikaa mle chumbani na sentensi hiyo mpaka eda ikaisha. Nilimpoteza mume, na sasa nilikuwa naelekea kuwa mimi ndiye niliyemuua.

Siku niliyotoka eda walinikogesha, wakanivika kanga mpya, wakanisomea dua. Niliitikia amina, nikala chakula chao, kisha nikachukua testa na spana zangu nikapanda bajaji kwenda Mikindani, kisha mtumbwi. Nilimkuta shemeji keshafika botini, amekaa kwenye kiti cha nahodha.

"Karibu, shemeji," alisema. Alinikaribisha kwenye boti yangu.

Nilifungua kisanduku cha betri nikatazama. Za lithiamu zilikuwa zimesimama upande mmoja, safi, na kando yake ile betri yake nyeusi imeng'arishwa kama kiatu cha Idi. Zimeunganishwa kwa waya mwembamba wa taa za gari. Fyuzi hakuna hata moja. Alteneta ya injini, ile inayozalisha umeme, ameileta moja kwa moja kwenye lithiamu, wakati lithiamu ikiwa na njaa inavuta umeme wote inaopewa mpaka alteneta inaungua. Katikati inatakiwa chaja ya kuipimia. Chaja hiyo tuliiagiza, ilikuja kwenye boksi lilelile. Niliikuta chini ya kitanda, ndani ya nailoni yake.

"Hiki hukujua ni nini?"

"Hakina kazi. Injini inawaka. Unataka nikuwashie?"

"Inawaka kwa betri za nani?"

"Shemeji, usinitafute. Mimi nimekaa na betri tangu mtoto. Wewe umekaa na vitabu."

"Na kaka yako alikaa na betri zako. Yuko wapi?"

Alisimama. Nilidhani atanipiga kofi, na ninasema kweli, nilitamani anipige, niwe na kitu cha kuonyesha watu. Hakunipiga. Alisema kwa sauti ndogo, "Ilikuwa nzima. Niliipima mwenyewe kabla sijampa. Naipima kila siku."

"Basi tuiache peke yake mpaka kesho. Nachomoa za lithiamu. Kesho uwashe kwa hiyo yako."

"Utaichezea."

"Funga kwa kufuli lako, ukae na ufunguo. Na mama aje aone."

Hapo alisita, nikakuona kusita kwake nikakufurahia. Nilichomoa nyaya mbele yake, nikafunika ncha kwa utepe, akafunga kisanduku kwa kufuli la pikipiki yake alilokuwa nalo mfukoni. Tulirudi mjini kila mtu na njia yake.

Mama mkwe hakuwa amewahi kukanyaga boti ile maisha yake yote. Aliichukia tangu siku tuliyoinunua. Asubuhi yake alikuja amevaa baibui la kwendea msibani, tukamvusha kwa mtumbwi, shemeji akamshika mkono mmoja na mimi mwingine, akakaa kwenye benchi la nyuma magoti yamekutana. Hakutaka maji, hakutaka mto wa kukalia. "Fanyeni," alisema.

Shemeji alifungua kufuli. Alitazama nyaya moja moja kutafuta hila yangu, hakuiona, kwa sababu haikuwepo. Alikaza vifungo vya betri yake mwenyewe, akavifuta kwa ncha ya shati. Nilimpa testa, aipime yeye. Aliitazama muda mrefu kuliko testa inavyotazamwa. Hakutuambia inasoma ngapi, wala mimi sikumuuliza. Akaenda kugeuza ufunguo.

Tiki.

Aligeuza tena. Tiki. Akasema imelala na baridi. Mtwara, baridi! Akageuza tena, na tena, kila mara tiki ikififia, mpaka mwisho taa ya dashibodi nayo ikazima na haikusikika hata tiki.

Mama mkwe aliniuliza mimi, si yeye. "Siku ile ililia hivi?"

"Hivi hivi, mama."

Nilikiinamia kisanduku bila kuombwa. Niliitoa betri ya shemeji nikaiweka miguuni pake; nzito, ikaacha alama kwenye mbao. Nikaziunganisha lithiamu kwa waya mnene niliokuja nao, nikatia fyuzi, nikaifunga chaja mahali pake kati ya alteneta na betri. Ilinichukua muda, na wote wawili walikaa wakinitazama. Nilipogeuza ufunguo injini iliwaka kabla sijamaliza kugeuza. Friji ikaanza kunguruma. Redio ikaongea, sauti za watu wa bandarini wakisalimiana. Nilifurahi. Watu watasema ni vibaya, siku moja tu baada ya eda, lakini nilifurahi. Nilimwangalia shemeji aliyeinama juu ya betri yake, nikataka ainue uso anione nilivyofurahi.

Hakuinua. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mama yake alikuwa ameweka kiganja mgongoni mwake, anakipandisha na kukishusha taratibu.

Nilizima injini nikamwambia mama mkwe, "Umeona mwenyewe. Sasa waambie watu."

Alinitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma.

"Nimeona," alisema. "Na nilijua kabla sijaja. Nilikuwa nao wawili, mwanangu. Nimebakiwa na huyu. Nikisema betri ilikuwa mbovu, huyu ataishi vipi hapa mjini? Kesho tu nitamzika na yeye." Aliweka sawa baibui lake. "Boti chukua, ni yako, hakuna atakayekusumbua. Lakini kwa watu mimi nitasema betri ilikuwa nzima."

Tulimrudisha nchi kavu kama tulivyomleta, huku ameshikwa na mimi na huku na mwanawe.

Na mama mkwe ni mtu wa ahadi. Boti haijanigomea tangu siku ile, wageni naenda nao mpaka Ruvuma na kurudi. Nikipita Magomeni watu wananiamkia vizuri tu, wananiuliza habari za bahari, kisha wananyamaza mpaka nipite.