Mavuno Kabla ya Mto Kufika

Siku yangu ya kwanza kazini, meneja wa mizabibu alinikabidhi mkasi akaniuliza, "Mama Thandi, umewahi kupogoa?"

"Nimezaliwa Dodoma, bosi. Zabibu nimezikuta nyumbani."

"Haya, tuone."

Nilikuwa nimemfuata mume wangu, aliyerudi kwao Afrika Kusini baada ya miaka ya ukimbizi Tanzania. Kwao ni Johannesburg, ila kazi ya ufundi wa pampu aliipata mbali, kwenye shamba la mvinyo lenye jina kubwa kando ya Mto Orange. Nilipoliona, kabla ya baridi kuanza, nilibaki mdomo wazi! Nje ya uzio ni mawe na vumbi jekundu. Ndani, mizabibu ya kijani inateremka mistari kwa mistari hadi majini. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Huku mizabibu hulala kipindi chote cha baridi, mikavu kama kuni, na ndipo tunapoipogoa: kila tawi unaliachia macho mawili tu ya kuchipua, mengine yote chini.

Nilikuwa nimeshapanda cheo kuwa msimamizi wa wavunaji habari ilipokuja kwamba mto unafurika huko juu. Kitalu cha ukingoni ndicho kilichotoa mvinyo wao bora. Mtengenezaji mkuu wa mvinyo akakamulia zabibu kwenye kipima sukari, akatikisa kichwa.

"Bado. Tusubiri wiki moja."

"Wiki ijayo tutavuna samaki," meneja akamjibu, kisha akanigeukia. "Watu wako wataweza kesho?"

"Kesho ya nini? Tuanze sasa hivi!"

Jamani, siku ile! Tulikimbia na kreti tukiimba. Mume wangu akaacha pampu zake. Mtengenezaji mkuu mwenyewe akavua viatu, akakata vichala pamoja nasi, matope hadi magotini. Trekta la mwisho lilipanda kilima maji yakiwa yameshaingia mistarini, nasi tukashangilia mpaka sauti zikakauka.

Kwa kuwa sukari ilikuwa kidogo, mkuu akatengeneza mvinyo mwepesi wa mapovu. Chupa ya kwanza alinimiminia mimi kabla ya mwenye shamba.

"Onja, Mama. Mwakani tutavuna mapema hivihivi, kwa makusudi."

Na kweli wakafanya.

Sasa nimestaafu, naishi Johannesburg, mtaa wa Kensington, kwa binti yangu Thandi. Wajukuu nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kizulu. Nilidhani kazi imeniacha, kumbe Wareno wazee wa Rosettenville wana mizabibu uani! Julai iliyopita mjane mmoja wa huko alinitazama nikipogoa mzabibu wake, akashika kichwa: "Eish, umeuua! Aliupanda marehemu mume wangu."

Nikamwambia avumilie. Septemba simu ikalia asubuhi.

"Mama Thandi, njoo uone! Umechipua kila mahali!"

Nikatoka mbio, chai nimeiacha mezani.