Alama za Mwalimu Kipenga

Katika miaka yangu sita ya kupiga pasi, ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniletea suti ya michezo nimnyooshee. Nguo zile laini za kuteleza, ukizigusa na pasi ya moto zinasinyaa. Ilinibidi nitandike kitambaa chenye unyevu juu yake, kisha nipitishe pasi harakaharaka kama mtu anayeiba. Na mwenyewe alitaka suruali iwe na mstari mbele.

"Dada, mstari usipinde," ananiambia kila Jumatatu asubuhi, amesimama mlangoni kwa mguu mmoja, maana goti la kushoto lilikuwa bovu. "Mwalimu wa hesabu anavaa tai. Mimi tai yangu ndiyo hii."

Watoto walimwita Kipenga, kwa sababu alitembea nacho shingoni hata siku za mapumziko. Walimu wenzake nao wakamwita hivyohivyo, ila wao walikuwa wanacheka. Duka letu la dobi linatazamana na uwanja wa shule, na meza yangu iko dirishani. Kwa hiyo namjua Kipenga kuliko watu wengi wanavyomjua. Nilimwona akifika uwanjani kabla ya mtu yeyote, akifagia mawe kwa fagio la nyumbani. Nilimwona akichora mistari ya kukimbilia kwa majivu, amepiga goti lake zima, lile bovu kalinyoosha pembeni.

Zamani somo lake halikuwa na alama. Ilikuwa mtihani ukikaribia, mwalimu wa hesabu anatokea uwanjani, anapiga makofi mawili, watoto wote wanamfuata darasani, na Kipenga anabaki na mipira yake. Aliniambia mwenyewe, siku moja akisubiri suruali ipoe, kwamba aliandika barua kumi na moja kwa wakubwa wa elimu. Ya kumi na moja ikajibiwa. Tangu hapo michezo ikawa somo kama mengine: mtoto anakimbia, anaruka, anarusha, anapewa alama juu ya mia, na alama zinaingia kwenye ripoti.

"Sasa wakinipigia makofi," alisema, "nawaonyesha daftari."

Mimi nilifurahi naye. Sikujua kwamba daftari hilo litakuja kukaa kati yangu na yeye.

Nina binti mmoja. Nilimzaa nikiwa na miaka kumi na minane, baba yake ni dereva wa malori, tunamwona kama mwezi mwandamo. Mimi shule niliishia darasa la saba. Binti yangu yeye ni wa vitabu. Tangu darasa la tatu hajawahi kushika chini ya namba mbili. Lakini mwili wake ni mzito na miguu yake haielewani. Akikimbia, mikono inakwenda huku, magoti kule. Hana ugonjwa wowote. Hivyo ndivyo alivyo, na shangazi yangu naye alikuwa hivyo.

Nilikuwa namwona dirishani. Wenzake wameshamaliza mizunguko miwili, wamekaa kwenye nyasi wanakunywa maji, yeye bado yuko upande wa mbali wa uwanja, peke yake, na wanamwimbia: "Kobe! Kobe! Tuache mlango wazi?" Yeye anacheka nao. Akifika nyumbani anajifungia chooni na kufungua bomba.

Siku moja nilimwambia, "Wapuuze, mama yangu."

Akaniambia, "Hesabu nikikosa nakosa ndani ya daftari. Uwanjani nakosa mbele ya watu."

Mwaka wake wa mwisho, ile shule ya bweni ya wasichana, ambayo kila mzazi wa mtaa wetu anaiota, ilitangaza itachukua wasichana wawili kutoka shuleni kwao. Sharti ni moja: kusiwe na somo hata moja lililo chini ya hamsini. Ripoti ikaja. Hesabu tisini na nne. Sayansi tisini na moja. Nikashuka na kidole hadi chini kabisa. Michezo: thelathini na moja.

Jumatatu Kipenga alipoleta suti yake, sikuipokea.

"Mwalimu, mwanangu umemwua."

Akaelewa mara moja. Akavuta kigoda akakaa. "Dada, mimi sikumpa thelathini na moja. Saa ndiyo imempa."

"Hesabu mtoto anafundishwa akaelewa. Miguu kapewa na Mungu."

"Na kichwa kapewa na nani?"

Akaendelea, wala si kwa ukali. "Wako watoto kwenye uwanja huu ambao kila mwaka hesabu wanapata kumi na mbili, na hakuna mzazi anayemfuata mwalimu wa hesabu. Wanaambiwa hawana akili, yamekwisha. Saa ya michezo ndiyo pekee wanayosikia jina lao likitajwa vizuri. Nikianza kugawa alama kama pipi, kesho nitapigiwa makofi tena."

"Wangu atakosa shule kwa sababu hajui kuruka?"

"Hatakosa. Kuna marudio baada ya wiki tatu. Niletee kila siku saa kumi, nitamfundisha."

Na alimfundisha. Wiki tatu nzima, wakati mwenzangu wa dukani ananishikia pasi, nilikuwa nasimama kwenye waya wa uwanja nikitazama. Kipenga, na goti lake, alikuwa anachechemea kando ya mwanangu mzunguko mzima, akimhesabia pumzi. "Mbili ndani, mbili nje. Usimtazame mtu. Tazama viatu vyako." Mtoto anatokwa jasho hadi miguuni, anatapika kwenye nyasi, Kipenga anampa maji na kumwambia, "Vizuri, bado mmoja." Siku moja nilimsikia mwanangu akicheka kule mbali, kicheko chenyewe, si kile cha kuwafurahisha wenzake.

Siku ya marudio alikimbia, akaruka, akarusha. Kipenga akaja dukani mbio, akisahau kuchechemea, daftari mkononi.

"Arobaini na nne! Dada, kutoka thelathini na moja! Sijawahi kuona mtoto anapanda alama kumi na tatu kwa wiki tatu!"

Alikuwa anang'aa. Mimi nikamwuliza, "Na sita zilizobaki?"

Akalifunga daftari taratibu. "Sita sina, dada. Nikimpa yeye, na yule aliyepata arobaini na saba nimwambie nini?"

Hapo ndipo wifi yangu alipoingia. Yeye ni karani kwenye zahanati, ndiye anayeandikisha wagonjwa. Alikuja kuniona Jumamosi, akanikuta nimekaa na ripoti mapajani.

"Wifi yangu, umekaa kama mfiwa," akasema. "Sheria yao inasemaje kwa mtoto mgonjwa?"

"Mwenye cheti cha daktari hafanyi michezo. Wanaweka mstari kwenye ripoti, hawahesabu alama."

"Sasa unalia nini? Mihuri yote inalala mezani kwangu."

"Haumwi kitu huyu."

"Mbona mnene? Wanene wote wana kitu, hawajapima tu." Akacheka, akanipiga bega. "Tuandike nini? Mguu watauona uko mzima. Mgongo umezoeleka, kila mvivu anaumwa mgongo. Tuandike moyo. Moyo nani ataufunua?"

Nilipaswa kukataa. Nilifikiria mikono yangu, jinsi mvuke wa pasi ulivyoifanya, na nikamfikiria mwanangu dirishani badala yangu. Cheti kikaja Jumatatu, kimekunjwa mara mbili, kina muhuri wa bluu: mapigo ya moyo si ya kawaida, asikimbie wala asifanye kazi nzito.

Nilikipeleka mwenyewe uwanjani. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Nilijua atanitazama na kujua, maana si mjinga, na atanitukana, au atakikataa. Nilikuwa na majibu.

Alikisoma amesimama. Akakisoma tena. Kisha akatafuta pa kukaa, akakaa chini, kwenye vumbi, na ile suruali yenye mstari.

"Moyo," akasema.

"Ndiyo, mwalimu. Tumepima juzi."

"Nimemkimbiza wiki tatu."

Nikautazama muhuri mkononi mwake.

"Alitapika, dada. Alitapika nikamwambia bado mmoja." Alikuwa hanitazami mimi, anatazama ule upande wa mbali wa uwanja. "Nilipokuwa kijana tulikuwa na mwenzetu, mita elfu tano. Alianguka hatua chache kabla ya kumaliza. Tulidhani anatania, alikuwa mtu wa utani. Tukamwambia inuka wewe, unatuchelewesha. Mimi ndiye niliyemvuta mkono."

Akakikunja cheti vilevile kilivyokuwa kimekunjwa. "Nisamehe," akaniambia. Mtu mzima, macho yamejaa, ananiomba mimi msamaha. "Kwa kweli nisamehe. Ningeua mtoto wa watu kwa sababu ya daftari."

Nilipaswa kusema pale pale. Neno lilikuwa moja tu. Lakini ripoti zilikuwa zinapelekwa kwa ile shule ya bweni Ijumaa, na nikasema, "Hukujua, mwalimu."

Wiki ile sikuona mtoto yeyote akikimbia. Waliletwa uwanjani, wakakaa kwenye nyasi, Kipenga akawapitia mmoja mmoja, akiweka mkono kifuani pa kila mtoto, akisikiliza, kichwa amekiinamisha. Watoto wakubwa walikuwa wanachekelea. Wiki iliyofuata alikwenda kwa mwalimu mkuu, mwenyewe, bila kuitwa, akasema alama za michezo zifutwe, yeye hajui kilicho ndani ya vifua vya watoto na hana haki ya kuwapima kwa saa. Mpishi wa shule, ambaye huleta aproni zake dukani kwetu, ndiye aliyenisimulia. Alisema mwalimu mkuu hakubisha hata kidogo. Aliuliza tu kama vile vipindi vinaweza kupewa hesabu kuanzia kesho yake.

"Na Kipenga?" nikauliza.

"Kapewa stoo. Agawe chaki." Mpishi akatikisa kichwa. "Wale watoto wake wa mbio wanazurura tu. Kuna yule mrefu, aliyekuwa wa kwanza siku zote, sasa analala darasani tangu asubuhi. Hana tena somo hata moja analoliweza."

Binti yangu, ambaye sikuwa nimemwambia kitu, aliyasikia shuleni. Alikuja akasimama karibu na jiko, bado na begi mgongoni.

"Mama, mimi naumwa moyo?"

"Huumwi."

"Mwalimu kaniletea kiti nikiwa mstarini. Kanibebea begi mpaka getini. Anasema nisipande ngazi haraka." Akaniangalia. "Kama siumwi, mbona anafanya hivyo?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, pamoja na wifi na muhuri. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Arobaini na nne zilikuwa zangu."

"Nini?"

"Zile alama. Nilizipata mwenyewe. Sasa kuna mstari."

Akaenda chumbani. Barua ya kuchukuliwa ilipofika hakuifungua yeye, niliifungua mimi. Aliisoma, akasema ahsante mama kama mtu anayepokea chenji. Lakini niliona usingizi wake, uliokuwa umepotea tangu ripoti, umerudi, na asubuhi nikamkuta anaandika jina lake na la shule ile juu ya daftari jipya, mara mbili, kwa kalamu mbili tofauti. Anaitaka. Kuitaka anaitaka, tusidanganyane.

Wiki ya kuondoka kwake nilifunga duka mapema nikaenda shuleni. Nilikuwa nimeamua. Nilijiambia, mtu hawezi kuachwa aishi akiamini amekaribia kuua. Nilijua pia nikisema, cheti kinafutwa, arobaini na nne inarudi kwenye ile ripoti iliyopelekwa kabla alama hazijafutwa, na nafasi inakwenda kwa mwingine. Nilitembea na yote mawili mpaka mlangoni pa stoo.

Kipenga alikuwa kwenye meza ndogo, amezungukwa na maboksi, amevaa shati la kawaida lisilonyooshwa. Aliponiona alisimama haraka, akajishika goti.

"Dada! Moyo wa mtoto unaendeleaje?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi, moja baada ya jingine, kama mashati.

"Unaendelea vizuri, mwalimu."

"Mungu mkubwa." Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, akaketi. Kisha akafungua droo, akatoa karatasi. Alikuwa ameulizia, akasema. Jumamosi mbili amezunguka hospitali akiulizia daktari mzuri wa moyo kwa watoto, na huyu hapa, karibu na ile shule ya bweni, jina, mtaa, siku anazokuwepo, vyote ameviandika kwa ile hati yake ya barua kumi na moja. "Nimeshamweleza habari zake. Anamsubiri. Usiniangushe, mpeleke mwezi wa kwanza huohuo."

Nikaipokea.

"Ahsante, mwalimu."

"Na huko bweni waambie asibebe ndoo."

"Nitawaambia."

Nikatoka. Nilikuwa nimeshafika nje aliponiita, nikadhani ameelewa. Aliniomba tu niuvute mlango, vumbi la uwanjani linaingia kwenye chaki.