Pingamizi Lipo

Debra Aloo wa Nyalenda hutengeneza tovuti, na hamwamini mtu hivi hivi. Ndivyo alivyo tangu tukiwa shule. Mezani kwake kuna kompyuta tano, kuukuu na mpya, kwa sababu anasema vivinjari ni kama mashahidi wa ajali: umebofya kipanya mara moja, huyu anasema hivi, yule anasema vile. Kazi yake ni kuwabana mpaka wote watoe ushahidi mmoja. Mtu pekee ambaye hakuwahi kumhoji ni mchumba wake, Griffins Okinyi, fundi wa friji. Mwaka mzima Griffins alikuwa akienda Sondu kutengeneza friji moja ya bucha. Mwaka mzima! Sisi wa kwaya tulikuwa karibu kuiombea hiyo friji ipone.

Kanisa letu lilipotaka ukurasa wa kutangazia ndoa, Debra aliutengeneza bure. Kila wiki wachumba wote huanza upya wakiwa wameandikiwa "Pingamizi: lipo." Ofisi ikishachunguza, katibu hubofya na neno likageuka kuwa "hakuna." Ukibofya tena, linarudi "lipo." Nimeshasema, hamwamini mtu.

Katibu ni Mama Dorca. Alisomea kompyuta Bondo miaka hiyo, akafundishwa kwamba kitu hufunguka ukibofya mara mbili, na tangu hapo hubofya kila kitu mara mbili, hata rimoti ya televisheni. Debra alimwona akifanya hivyo kwenye kompyuta kuukuu ya ofisi, neno likageuka vizuri, naye akaridhika. Kumbe kivinjari kile cha zamani, ukibofya haraka haraka, huhesabu mbofyo wa kwanza tu. Vipya huhesabu yote miwili. Na Ijumaa moja ofisi ikaletewa kompyuta mpya.

Jumapili iliyofuata lilikuwa tangazo la tatu na la mwisho la ndoa ya Debra mwenyewe. Pasta Waswa husoma alichoandikiwa, hata kikiwa na makosa. Akavaa miwani.

"Griffins Okinyi na Debra Aloo. Pingamizi... lipo."

Kanisa zima likageuka kuwatazama. Debra alikuwa ameshafungua mdomo kusema ni hitilafu ya ukurasa, lakini Griffins akamtangulia. Akasimama.

"Pasta, kama ni Waithera wa Sondu amepiga simu, achana na yeye. Mimi na yeye tulimalizana kitambo."

"Kitambo gani?" Debra akauliza.

"Jumanne."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilikuwa safu ya mbele ya kwaya, nimevaa joho, na nilicheka mpaka jirani yangu akanifinya. Halafu nikauona uso wa Debra, nikatamani kumrushia Griffins kitabu cha nyimbo.

Ibada ilipoisha, Debra alikwenda moja kwa moja ofisini, nami nyuma yake.

"Mama, nionyeshe vile ulifanya."

"Nyathina, mtoto wangu, nilifinya tu vile mimi hufinya siku zote," Mama Dorca akajibu. Akafinya, mara mbili. Kwenye kompyuta mpya neno likaruka "hakuna," likarudi "lipo." Kwenye ile kuukuu likabaki "hakuna."

Debra akacheka, kisha akalia, kisha akavuta kiti. Sijawahi kuona mtu akirekebisha kitu kwa hasira namna ile. Baada ya nusu saa, hata ukibofya mara kumi mfululizo, kompyuta zote mbili zilihesabu moja.

Griffins alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Aliposikia tatizo limepatikana, akapata nguvu.

"Kwa hivyo ni mashine tu," akasema. "Hakuna mtu alipinga."

"Ni kweli," Debra akasema. "Hakuna aliyekuwa amepinga."

Mama Dorca akashusha pumzi, akanyoosha mkono kwenye kipanya ili aligeuze lile neno, lililokuwa limerudi "lipo" baada ya majaribio. Debra akaushika mkono wake polepole, akausogeza kando. Chini ya neno "lipo" kuna nafasi ya jina la mpingaji, na Mama Dorca hakuwa na jina la kujaza. Debra akaandika lake.