Majina Niliyoyabuni Porini

Wauzaji wa majani ya kufungia chikwange, ule mkate wa muhogo, wanapofungua mafurushi yao sokoni Bulengera, harufu hunifikia kabla sijawaona: majani mabichi, maji yaliyolala, udongo mweusi. Wengine hupita tu. Mimi miguu hukosa utulivu, nami huanza kwenda haraka kama mtu aliyeitwa. Niwaambie kwa nini.

Nilikuwa na miaka kumi. Sisi ni Bambuti, wale ambao kila mtu huwaita watu wa pori, na wakati ule tulikuwa familia pekee ya Bambuti katika mtaa wetu wa Butembo. Baba alipakua magunia ya chumvi katika depo ya mfanyabiashara mmoja, mama alifua nguo za watu. Nilizaliwa palepale mjini. Nilijua lori lipi linakuja kwa kusikia honi tu, nilijua nani anakaanga mandazi makubwa kuliko wengine, lakini pori nilikuwa sijaliona hata kwa mbali.

Mwaka huo wageni wa mradi mmoja wa mazingira walitupatia lori la kutupeleka kuona pori la upande wa Beni, pamoja na kaye mpya, yaani daftari, na biki ya kuandikia kwa kila mwanafunzi. Mwalimu wetu, Maître Mbuyi, mtu wa Kasai, kule kwenye migodi ya almasi, aliyeletwa kwetu na serikali, alizigawa asubuhi ile kando ya lori. Aliponifikia, akapita.

"Maître, na mimi?"

"Wewe Furaha utaandika nini? Wewe ndiye kitabu yetu ya leo!"

Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka. Naona aibu kusema, lakini nilifurahi. Miaka yote wenzangu walikataa kunywea kikombe nilichonywea mimi. Leo Maître alikuwa ananiketisha mbele, karibu na dereva! Ila tulipoanza kuteremka kuelekea Beni na joto kupanda, ile furaha ikanitoka. Kitabu gani mimi? Nilivua viatu, nikavivaa, nikavivua tena, mpaka dereva akauliza kama nataka kujisaidia.

Pori lilinitisha, likinuka majani mabichi na udongo mweusi. Sauti zetu zilimezwa, maji yalidondoka na mvua haipo, na juu kabisa kitu fulani kililia kama mlango unaotaka mafuta. Maître alisimama chini ya mti mkubwa.

"Donc, Furaha, hii muti inaitwaka nani?"

Biki zote zikainuka. Nikaona nyuso zile zinanisubiri mimi, mimi ambaye hakuna aliyewahi kunisubiri.

"Apalo," nikasema.

Wakaandika. Wa pili nikaupa jina la shangazi yangu, nikaligeuza mwisho ukawa mwanzo. Wa tatu sikumbuki. Maître akauliza kila mti ni dawa ya nini, nami nikajibu ya tumbo, ya tumbo, ya tumbo, hadi akasema kweli watu wa pori wanaumwa sana tumbo. Mama alizoea kutuambia njia ya mwongo ni fupi. Kumbe porini haifiki hata hatua mia.

Kambale, mtoto aliyekaa nyuma yangu darasani, alikuta kichaka chenye matunda madogo mekundu. Akachuma kiganja kizima.

"Furaha, hii inakuliwaka?"

Nilishakuwa nimezoea kujibu. "Inakuliwaka," nikasema, na yeye papo hapo akayatia mdomoni.

Sijui nilifikaje pale. Nakumbuka nampiga mgongoni kwa ngumi zote mbili, napiga kelele: "Tema! Tema, Kambale! Mimi sijue kitu! Majina yote ni uongo!"

Akatema. Lakini moja lilikuwa limekwisha kushuka. Maître alinishika bega, uso umemvimba kwa hasira na, leo naweza kusema, kwa hofu.

"Mumbuti gani hapana jua pori?"

Wakati wa kurudi nilipandishwa nyuma na wengine, na hakuna aliyetaka kukaa karibu nami. Wote walikuwa wanamtazama Kambale kuona kama atakufa. Tulipopita Beni alitapika, kwa sababu ya tunda au ya mandazi sita aliyokula asubuhi, hakuna aliyejua, halafu akaomba chakula. Ndipo nikaanza kulia.

Nyumbani nilimweleza baba yote, na Jumatatu hakwenda depo moja kwa moja. Alivaa koti lake la misa, tukaenda wote shuleni. Nilitamani ardhi inimeze, maana baba hakuwa mtu wa maneno. Alisimama mlangoni mwa darasa, kofia mkononi.

"Maître, pardon. Niko na ulizo moja tu. Wewe unatokaka Kasai?"

"Ndiyo, papa."

"Unielezee basi. Almasi, banaijuaka namna gani katikati ya mawe?"

"Papa, mimi sijaonaka almasi hata siku moja. Nilizaliwa nyuma ya bureau ya posta."

"Aa," akasema baba. Akavaa kofia yake, akaenda kazini.

Maître aligeukia darasa. Kisha akatuambia tufute yale majina yote. "Furaha alikosa," akasema, "mais mimi ndiye nilianza kukosa." Akanipa kaye yake mwenyewe na biki. Kambale hata hivyo aliendelea kuniita Apalo mpaka tulipomaliza shule.

Ningeweza kukomea hapo, lakini moyo wangu haukubali. Baba aliyajua majina ya kweli ya miti yote. Alikulia kule. Na mimi, tangu siku ile, sikumuuliza jina la jani hata moja. Niliona nikiuliza nitakuwa nimekiri kwamba Mumbuti lazima ajue pori, kama Maître alivyodhani. Naye baba alinyamaza akidhani ananikinga na dharau. Tuliishi hivyo miaka mingi, na katikati ya miaka hiyo vita vikaja vikalifunga lile pori, na ndugu zetu waliobaki kule wakakimbia. Nilichelewa sana kuelewa kwamba siku ile sikunyimwa kaye tu. Niliondolewa hata hamu ya kumuuliza baba yangu.

Mwezi uliopita nilimuuliza. Macho yake yamechoka sasa. Alianza kutaja polepole, kisha haraka, kwa lugha ambayo mimi huielewa nusu, nami nikaandika mpaka vidole vikauma. Kwenye jina moja nikamsimamisha.

"Baba, huo muti uko namna gani?"

Akafungua mikono kunionyesha unene wa shina. Akaifungua zaidi, mpaka mabega yakagoma.

"Hapana," akasema. "Inapita hivi."